Madiji wa Mtwara na Lindi, mnaua anime za mapenzi halafu lawama anabeba Mjapani

Wakuu, heshima kwenu. Mods, uzi ubaki hapa hapa jukwaa la filamu, msiupeleke kwenye vichekesho.

Kuanzia laibrari za muvi za Chikongola mpaka Masasi, na Lindi mjini vivyo hivyo, stori ni ile ile. Flashi inajazwa anime (katuni ya Kijapani) ya mapenzi "imetafsiriwa kamili". Epizodi nane kibanda kizima kinacheka. Ya tisa steringi wa kike yuko wodini. Ya 12 watu wanalia kwenye skrini, kibandani wanaulizana "kwani huyu kaanza kuumwa lini?" Kisha inasemwa Wajapani hawajui kumalizia. Mjapani ana yake, nitayasema. Ila uharibifu wa kwanza unafanyika kwenye kompyuta ya diji, yule anayetafsiri kwa kuongea Kiswahili juu ya picha.

Hesabu ni nyepesi. Epizodi ni dakika kama 24. Wimbo wa kufungulia sekunde 90, wa kufungia 90. Diji anakata zote mbili ili aunganishe epizodi 12 ziwe faili moja au mbili, anaokoa dakika 36. Sasa, waandaaji wana mazoea ya kuurudisha ule wimbo wa kufungulia kwenye tukio kubwa la mwisho, pale binti anapokimbilia stesheni au kijana anapotamka lililomkaa moyoni. Aliyeusikia mara 11 anasisimka kabla hata hajajua kwa nini. Ambaye hajawahi kuusikia, kwake ni kelele. Kata fidla na akodiani za mwanzo wa taarabu, halafu ushangae mbona hakuna anayeinuka kwenda kutunza!

Majina nayo. Vijana wa shule Japani huitana kwa jina la ukoo, mara nyingi na "san" au "kun" ya heshima nyuma yake. Kutoka hapo kwenda jina la kwanza ni hatua ya mapenzi kabisa, inaweza kula nusu ya msimu, na siku ikitokea picha inatulia, mtu anageuka, masikio yamekuwa mekundu. Diji kamwita binti jina lake la kwanza tangu dakika ya pili, kama hajambatiza Mwajuma. Tukio likifika, mtazamaji anaona watu wawili wamesimama wanakodoleana macho bila sababu. Anasema "inaboa, peleka mbele."

Halafu neno "suki". Kwa Kijapani linabeba kupenda chakula na kupenda mtu, na waandishi huuchezea utata huo makusudi: binti analitamka, kijana anashtuka, kumbe binti alikuwa anaongelea paka. Diji epizodi ya 3 keshapayuka "nakupenda bebi!" Na Kiswahili kimempa silaha bure: "napenda" bila "ku" inaacha mlango wazi. Tia hiyo "ku" siku ya siku, msikilizaji wa Mikindani ataisikia tofauti bila kuelezwa.

Kubwa kuliko yote ni ukimya. Kabla stori haijageuka kutoka utani kwenda majonzi, muziki huzimwa, zinabaki sekunde tano au sita za nyenze tu na feni. Hiyo ndiyo kengele ya kugeuka. Diji anauona ukimya kama shimo la barabarani, lazima alifukie. Anatia mzaha, na kwa kuwa ameshusha sauti ya faili nzima ili yake isikike, hata muziki ukibadilika hausikiki. Shusha chini ya maneno yako tu, ukimaliza sentensi irudishe. Ni kazi ya kubonyeza mara mbili, jamani.

Sasa Mjapani. Ukitoa nyimbo, epizodi 12 zinabakiza kama dakika 252. Wengi wanatumia 160 kwenye utani wa sura zilizovimba vichwa, ufukwe na tamasha la shule, kisha ugonjwa, kuhama na kutamkiana mapenzi wanavirundika kwenye mbili za mwisho. Wasitwambie ni bajeti. Sekunde moja ni fremu (picha) 24, kwa hiyo mchoro mmoja ulioshikiliwa sekunde nne unajaza fremu 96 peke yake. Mtu akikimbia sekunde hizo hizo, kwa mchoro mpya kila fremu mbili, inataka michoro 48. Kutulia ndiko rahisi! Tatizo ni kutopanda dalili mapema. Anime ya Your Lie in April ilikuwa na epizodi 22, na binti steringi anaanguka epizodi ya 4, shangwe bado zinavuma ukumbini. Utani unaendelea baadaye, lakini tayari kuna mwiba. Wabanguaji wa huku wanajua: ukikimbilia kuvunja ganda la korosho kabla halijapata moto wa kutosha, kiini kinapasuka na utomvu unakula vidole.

Na zile sura za vichwa vikubwa ziondolewe angalau epizodi moja kabla ya msiba. Kutoka kibonzo kwenda jeneza kwa kukata picha mara moja ni ukatili.

NYONGEZA: Aliyeuliza hapo chini "mbona za mapigano hamlalamiki", ngumi haina jina la ukoo. Na diji anayelia kwamba flashi ni ndogo: punguza ubora wa picha kidogo, usiguse muda. Ikishindikana kabisa, bakiza wimbo wa kufungulia kwenye epizodi ya 1, ya 6 na ya 11, na ile ya 12 usikate hata sekunde.