Msaada jamani, shanga zinaniachia kila nikitunga (nipo Bagamoyo)

binti_dunda
Habarini za usiku wapendwa. Naomba kueleweshwa na mnaojua kutunga shanga. Nimeanza wiki hii, nilienda Kariakoo nikanunua paketi sita na mshipi wa kuvulia samaki ule mwembamba. Nikimaliza bangili nafunga vizuri tu, navaa, ikifika jioni fundo limeachia shanga zote chini, jana zimemwagika kwenye mkeka mpaka saa saba usiku naokota na tochi ya simu. Mshipi ndo mbovu au mimi? Na je mtu anaweza kujua mambo ya msingi kwa siku nne? Nina haraka kidogo.

Kachumbari
Siku nne hata kukuna nazi hujajua 😂

mama_wawili
Mdogo wangu mshipi hauna kosa. Unateleza, kwa hiyo fundo la kufungia begi halishiki. Ile hatua ya kwanza zungusha mara mbili badala ya moja, ndo ufunge la juu yake, lowesha na mate uvute taratibu mpaka likae. Halafu usikate pale pale kwenye fundo, ile mikia irudishe ndani ya shanga nne tano kila upande ndo ukate. Kabla ya yote weka ushanga mmoja mwishoni mwa uzi, uzi upite ndani yake mara mbili, huo ni mlinzi, wenzake hawachomoki, ukimaliza unautoa. Na achana na mkeka, tandika blanketi, ushanga ukidondoka kwenye blanketi unakaa pale pale. Umenunua namba ngapi?

binti_dunda
Asante dada. Namba 11, niliona ndo kubwa kuliko 8.

mama_wawili
Kinyume. Namba ikipanda ushanga unapungua. 11 ni kama milimita 2, 8 ni kama milimita 3. Anza na 8. Na chambua kama mchele, ushanga mwembamba au uliokatika upande weka kando, ule wenye ncha kali ndo unakata uzi. Ila siku nne za nini?

Mzee wa Kaole
Mnaongelea namba, rangi je? Mji huu umekula hela ya shanga kabla babu zetu hawajazaliwa. Misafara ikitoka hapa kwenda Tabora na Ujiji ilibeba vitambaa, waya na shanga kwa magunia, na tajiri aliyekosea rangi anarudi na mzigo wake, maana huku wanataka nyekundu ile ya samesame, kule hawaitazami wanataka nyeupe. Stanley, yule mzungu msafiri, alianzia hapa 1871 na kaandika alivyoumiza kichwa kujua aina ipi inapita wapi. Kwa hiyo binti kabla ya fundo uliza soko lako wanavaa nini.

Kachumbari
Soko linajulikana mzee, ni kiunoni

Ustadhi wa Magomeni
Tuheshimiane kuna watoto humu. Binti haraka ni ya nini? Dada kakuuliza hujajibu.

binti_dunda
Ni kazi tu nimepata.

Shangazi Tatu
Kazi ya oda? Mie bibi yangu alinitungia za kiunoni nilipovunja ungo, alikuwa anaramba ncha ya uzi, anapima pima moja kwa mikono, hatumii rula wala sindano, na macho yenyewe yalikuwa yameshaingia ukungu. Nilizivaa mpaka naolewa hazijakatika. Siku alipofariki zikakatika bafuni, siwadanganyi. Sijawahi kuzitunga tena zipo kwenye kopo la maziwa.

mama_wawili
Pole shangazi. Binti, oda ya vipande vingapi?

binti_dunda
Sio oda. Nafundisha. Kuna darasa la akina mama Jumatatu, wapo ishirini, mimi ndo mwalimu. Msinicheke. Nimeshapokea nusu ya malipo na nimelipa kodi ya chumba, siwezi kurudisha. Na mbona walimu wengi wanasoma usiku wanafundisha asubuhi? Nitakuwa mbele yao hatua moja, inatosha.

Kachumbari
🍿🍿🍿

Ustadhi wa Magomeni
Huo ni udanganyifu, hela ya kazi usiyoijua ina maswali mbele ya haki.

Zungu la Unga
Hii ni chai wakuu. Nani anampa mtu nusu ya hela bila kuona kazi yake? Na mtu ambaye fundo linamwachia kila jioni atasimama mbele ya watu ishirini? Huyu hatungi shanga, anatunga stori. Uzi mzuri lakini, tena nao haujakatika.

Kachumbari
Leteni vitumbua basi, chai ipo

binti_dunda
Kaka mimi sio muongo. Waliomba picha ya kazi, nikawatumia picha ya bangili niliyonunua kwa yule mama anayeuza Mji Mkongwe. Sikusema nimetunga mimi. Walidhani wenyewe.

Zungu la Unga
Ndo unazidi kumimina

mama_wawili
Jamani mwacheni alale afanye mazoezi. Binti, Jumatatu usijifanye kujua mishono, wafundishe mstari mmoja tu: kuchambua, mlinzi, kuhesabu, fundo. Saa tatu zinaisha hapo hapo wala hawatamaliza. Na nunua elastiki kwa wenye haraka, iivute vute kwanza kabla ya kutunga, la sivyo kesho yake bangili imelegea. Gundi ya kukausha papo hapo usiweke, inakausha uzi pale kwenye fundo, panakatika.

Mzee wa Kaole
Na rangi.

mwanahawa_bgm
Samahani mimi huwa nasoma tu sichangii. Hilo darasa ni la Jumatatu saa nne, kikundi cha akina mama, tumechanga elfu tano tano? Mwalimu tumeambiwa ni dada mmoja fundi sana katumwa kutoka Dar.

Kachumbari
😳😳😳

Zungu la Unga
Naondoa chai yangu mezani.

Ustadhi wa Magomeni
Binti upo?

mwanahawa_bgm
Mwalimu?

binti_dunda
Nipo dada. Njoo na blanketi.