CMM inatoa majibu tofauti kwa kipande kilekile, nianzie wapi?

mpimaji22
Wakuu naombeni msaada, hii CMM (mashine inayopima kipande kwa kukigusa pointi kwa pointi) inaninyima usingizi. Napima hausingi ya aluminiamu yenye matundu mawili makubwa, kati kwa kati ni mm 300. Kipande kinapita asubuhi, nikikirudisha mezani mchana kinafeli, tofauti inafika mm 0.03. Kipenyo cha matundu hakichezi kabisa, ni mahali pa tundu ndipo panahama. Mashine kalibresheni yake haijaisha muda, probu (kile kidole cha mashine kinachogusa kipande) nimeikalibreti upya kwenye mpira wa rejea, lakini wapi. Wenzangu wa mashine za kukata wameshaanza kusema CMM ndiyo mbovu na kila kipande kinachofeli sasa ni ugomvi.

chuma_na_mafuta
Mkuu tenganisha kwanza. Funga kipande, endesha programu mara 10 mfululizo bila kukigusa, halafu kifungue, kifute, kifunge tena uendeshe, na hiyo pia urudie mara kadhaa. Majibu yakicheza hata bila kukigusa basi tatizo liko upande wa mashine au probu: stailasi (kijiti cha probu chenye mpira wa rubi nchani) imelegea kwenye skrubu yake, presha ya hewa inapanda na kushuka, au mpira wa rubi umeshika uchafu. Hiyo ya mwisho usiidharau, ukiskani aluminiamu kwa rubi ile aluminiamu inaganda kwenye mpira kidogo kidogo, ndo maana wengi wanatumia silikoni naitraidi kwa kazi hiyo. Ila yakitulia, yakaja kucheza pale tu unapokifunga upya, iache mashine.

nyuzi_ishirini
Msisahau joto jamani!! Aluminiamu inatanuka kama maikroni 23 (maikroni 1 ni mm 0.001) kwa mita kwa kila nyuzi 1 ya Selsiasi, kwa mm 300 hiyo ni karibu maikroni 7. Vipimo vya mchoro vinahesabiwa kwa nyuzi 20, sasa kipande kikija mezani kikiwa nyuzi 23 tayari una maikroni 21 ambazo mtu wa kukata hana kosa nazo. Chumba kuwa na eisi haina maana kipande kimepoa, bandika kihisi joto kwenye kipande chenyewe. Na kama unatumia fidia ya joto hakikisha imewekewa namba ya aluminiamu, nimeshakuta mahali imeachwa na ya chuma ambayo ni karibu nusu yake.
Swali: umbali wa tundu hadi tundu nao unabadilika, au ni koodineti tu kutoka kwenye rejea (ukingo au uso wa kipande ambao vipimo vinaanzia)? Umbali wenyewe ukikua, shuku joto. Umbali ukitulia koodineti zikahama, rejea zako zinayumba.

mpimaji22
Nimefanya yote mawili, asanteni sana. Bila kukigusa majibu yanatulia ndani ya maikroni 2. Nikikifunga upya Y ya tundu la mbali inaruka, lakini tundu hadi tundu haiendi popote kama kipande kimeshapoa. Mstari wa rejea programu inauchukua kwa pointi mbili zilizoachana mm 40, nimeikuta hivyo, klampu imeziba ukingo wote uliobaki.

chuma_na_mafuta
Basi umempata mwizi. Piga hesabu: pointi moja ikidondokea kwenye ncha ndogo iliyobaki baada ya kukata, imeinuka maikroni 5 tu, mstari unainama 5 kwa 40, ukifika mm 300 ni maikroni 37. Na kila ukikifunga upya probu inagusa pengine kidogo, ndo hiyo mruko unaouona. Hamisha klampu, safisha ukingo kwa jiwe la mafuta, sambaza pointi urefu wote, chukua 8 au zaidi. Usibadilishe rejea yenyewe ukaweka inayokurahisishia, mchoro ndio unasema rejea ni ipi.

mpimaji22
Nimehamisha klampu na kusambaza pointi, Y sasa inarudi ndani ya maikroni 4 hata nikikifunga upya. Vile vilivyofelishwa nimevitenga, vinapoa nivipime tena.

nyuzi_ishirini
Pima na vilivyopita mkuu. Mstari ule uliweza kuinama upande wowote, kwa hiyo vibovu navyo vinaweza kuwa vimepita, na hivyo ndivyo vitakuletea shida kubwa kama vimeshaondoka.