Udugu wa EAC unaishia kwenye picha ya pamoja

Wakuu, mimi nimechoka na hii mikutano ya marais wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kila hotuba ni "sisi ndugu, historia yetu moja, utamaduni wetu mmoja". Wakishapiga picha, misafara inaondoka, kwisha habari.

Chukueni Februari 8, 2025, Dar es Salaam. Mji wa Goma, mashariki mwa Congo, ulishatekwa na waasi wa M23, EAC na SADC (jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika) wakakutana kwa pamoja. Kagame wa Rwanda, nchi inayodaiwa kuwasaidia M23, yumo ukumbini, Tshisekedi wa Congo yuko kwenye video. Tamko likatoka kali kweli: mapigano yakome mara moja bila masharti, wakuu wa majeshi wakutane ndani ya siku tano. Februari 16 M23 wakawa Bukavu, mji mwingine mkubwa wa huko! Siku nane tu. Watu wamekimbia na watoto mgongoni, EAC ikamfanya nini yeyote?

Na msinijie na ile ya "maamuzi ni kwa muafaka". Naijua, ibara ya 12 ya Mkataba wa EAC. Endeleeni kusoma basi. Ibara ya 146 inaruhusu kumsimamisha mwanachama anayekiuka misingi, hata anayegoma kulipa michango, na ya 148 inasema maoni ya anayejadiliwa hayahesabiwi. Waliouandika mwaka 1999 walikuwa wanaikumbuka vizuri Jumuiya ya kwanza ilivyovunjika 1977, hawakuwa wajinga. Rungu lipo. Ila kila rais anajua akimpiga mwenzake leo, kesho litamrudia yeye. Huo ndio udugu wenyewe: kufichiana.

Sarafu moja nayo? Itifaki walisaini Kampala 2013, lengo 2024. Sasa wanatuambia 2031, kimyakimya, kana kwamba tumesahau.

Mpaka wa Gatuna ndio unaonitia hasira zaidi. Rwanda na Uganda wote wamo kwenye Soko la Pamoja, lakini mpaka ule kati yao ulifungwa Februari 2019 na haukufunguliwa kwa kudumu hadi Januari 2022. Mama wa mboga na dereva wa lori ndio walioumia, marais wanavuka kwa ndege.

Na bado wanaongeza wanachama, Congo 2022, Somalia 2024. Wa zamani wamewashinda!

Mnaowatetea njooni hapa na jina la nchi MOJA iliyowahi kusimamishwa uanachama na kikao cha marais hao. Sitaki maneno ya tamko, nataka jina la nchi na mwaka.