Mrejesho: karani wa mizigo aliyekuwa anaona malipo

Wadau shukran sana. Kwa wasiokumbuka, niliuliza kuhusu mfumo wa ofisi moja ya kliaringi (kutoa mizigo bandarini) hapa Mombasa, huduma moja ya mbele, yaani programu anayoitumia karani, inaita tatu za nyuma, mizigo, malipo na malori, na karani mwenye ruhusa ya mizigo tu alikuwa anaona hadi invoisi za wateja. Mlivyosema ndivyo ilivyokuwa, yaani huduma ya mbele inagonga za nyuma kwa ufunguo wake wenyewe wenye nguvu zote, kwa hivyo ile ya malipo haijui nani hasa anaomba, inafungua tu. Sasa tumeweka kubadilisha tokeni (tokeni ni kitambulisho cha kidijitali kinachoenda na ombi), ile ya waraka wa viwango RFC 8693 wa 2020 wa OAuth 2.0, utaratibu wa kutoa ruhusa kati ya programu, yaani huduma ya mbele inabadilisha tokeni ya karani ipate nyingine iliyolengwa huduma moja ya nyuma; kila ombi linabeba jina la karani pamoja na huduma inayomwombea, na tokeni ya mizigo ukiipeleka kwa malipo inakataliwa palepale manake inakaguliwa kwanza imelengwa huduma gani. Karani akiomba invoisi anapata 403, yaani jibu la "huna ruhusa", mizigo yake anaiona kama kawaida. Huku kukagua kwenye huduma za nyuma msikudharau jamani, pesa za watu hizo. Bado logi tu (kumbukumbu za maombi), nataka zionyeshe nani kaomba kupitia nani.