Boila ya kombi kwa nyumba ya vyumba vitatu: kilowati 24 au 35?

Mkazi wa Reading

Ndugu zangu, habari za baridi hii. Boila yetu ya zamani, pamoja na tangi la maji ya moto lililoko kabatini, imefika mwisho wake, nasi tunataka kuweka boila ya gesi ya kombi, yaani ile inayopasha maji papo hapo bila tangi, ya bei ya wastani. Nyumba ina vyumba vitatu vya kulala, bafu moja na redieta tisa za kupasha joto vyumba. Fundi wa kwanza ametushauri tununue ya kilowati 35, wa pili anasema 24 zinatosha, na kila mmoja anaisifia chapa yake. Nimfuate yupi?

Fundi bomba, Leicester

Dada yangu, kabla hujamfuata yeyote, pima maji yako. Kinga ndoo ya lita 10 kwenye bomba la jikoni, lifungue mpaka mwisho, uhesabu sekunde. Kuyapandisha maji nyuzi 35, yaani kutoka nyuzi 5 za Januari hadi 40 za kuogea, kunahitaji takriban kilowati 2.4 kwa kila lita inayopita kwa dakika. Kwa hiyo boila ya 24 hutoa karibu lita 10 kwa dakika, ya 30 hutoa 12, na ya 35 hutoa 14. Lakini ikiwa bomba la mtaani halileti lita 14, utakuwa umelipia nguvu ambayo hutaitumia kamwe.

Redieta zenyewe hazihitaji nguvu hiyo, kwani nyumba kama yako, ikiwa imezibwa vizuri isipoteze joto, mara nyingi hutosheka na chini ya kilowati 10. Ndiyo maana mimi huuliza kwanza boila inaweza kushuka hadi kilowati ngapi, kwa sababu isiyoshuka vya kutosha huwaka na kuzimika mchana kutwa, ikila gesi na kuchakaa mapema. Kuhusu chapa, Worcester Bosch, Vaillant na Ideal zote zina vipuri kila mahali. Angalia miaka ya dhamana.

Mpangaji wa zamani, Milton Keynes

Naomba niongeze jambo lililotuumiza. Fundi wetu alipitisha nje kibomba chembamba cha maji yanayochuruzika kutoka kwenye boila, bila kukifunika. Usiku wa theluji kiliganda na boila ikazima, tukiwa na mtoto mchanga, hadi mume wangu alipokimiminia maji ya vuguvugu asubuhi. Kikilazimika kupita nje kiwe cha milimita 32 na kivikwe sponji. Tena redieta zetu hazikusafishwa, na tulipofungua moja yalitoka maji meusi kama wino. Basi dai mfumo usafishwe na kichujio cha sumaku kifungwe. Omba pia kuona kadi ya Gas Safe, yaani ya sajili ya mafundi wa gesi wa Uingereza, na uigeuze, kwa kuwa kazi anazoruhusiwa kuzifanya zimeandikwa upande wa nyuma.

Mkazi wa Reading

Ahsanteni sana. Ndoo imejaa kwa sekunde 52, yaani lita 11 na nusu kwa dakika, hivyo ya 35 nimeiacha. Nimemwomba fundi wa pili anipigie hesabu ya kilowati 28 au 30, naye amekubali kuandika usafishaji, kichujio na kibomba cha milimita 32 kwenye makadirio yake kabla sijatoa malipo ya awali.