Siku nne za kusini na familia: Kilwa, Mikindani au Songea?

Binti_Temeke
Wakuu, habari za jioni. Shule zikifungwa Juni nataka kuwapeleka wanangu kusini. Mmoja yuko darasa la sita, mwingine kidato cha pili. Tutakuwa na mama yangu, ana miaka 71 na magoti yanamsumbua. Tunatoka Dar na gari letu, siku nne kwenda na kurudi. Watoto wanasoma biashara ya pwani na Vita vya Maji Maji, sasa nataka wakaone wenyewe. Nimebakiwa na majina matatu: Kilwa, Mikindani na Songea. Mliofika naomba ushauri.

MtuWaMasoko
Karibu sana dada. Kwa siku nne, njoo Kilwa. Ni kama kilomita 300, mkitoka alfajiri mchana mko Kilwa Masoko, mji wa nchi kavu. Kibali mnakata hapa Masoko kabla ya kuvuka kwenda Kilwa Kisiwani kwenye magofu, na chukueni mtembezaji mwenyeji. Bila yeye mtaona kuta tu.

Kisiwani mnashukia karibu na Gereza, ile ngome ya Wareno ya mwaka 1505 ambayo Waomani waliijenga upya baadaye. Hatua chache mbele kuna Msikiti Mkuu. Sehemu ya kaskazini ni ya karne ya 11, ile kubwa yenye matao na kuba iliongezwa baadaye. Waambie watoto wauguse ukuta: matumbawe na chokaa, vyote vya hapahapa baharini. Ibn Battuta alifika mwaka 1331, akamkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa Abu al-Mawahib kwa ukarimu wake wa kutoa. Sarafu ya shaba yenye jina la sultani huyo imepatikana Great Zimbabwe, magofu ya kale kule Zimbabwe! Mwanao wa kidato cha pili akilielewa hilo, ameielewa biashara yote ya dhahabu ya Sofala, bandari ya pwani ya Msumbiji.

Kuhusu bi mkubwa: Gereza na Msikiti Mkuu ataviweza polepole. Husuni Kubwa, lile jumba la sultani lenye birika la pembe nane, liko mbali kidogo na kuna kupanda. Yeye apumzike kivulini, watoto waende na mtembezaji. Songo Mnara, kisiwa kingine chenye magofu, msimpeleke. Boti inachukua muda mrefu, na maji yakipwa mnatembea kwenye tope la mikoko.

Korosho_Mtwara
Kilwa siipingi, ila Mikindani inasahaulika bure. Ni mji ambao watu bado wanaishi ndani ya historia yao: nyumba za mawe, milango ya kuchongwa, boma la Wajerumani la 1895 ambalo sasa ni hoteli. Livingstone aliingilia bara kutokea hapa mwaka 1866 katika safari yake ya mwisho. Kwa mama mwenye magoti mabovu pia ni rahisi, gari linafika karibu kila mahali. Na mtakula ming'oko, mizizi ya porini ya huku kwetu. Mkipata siku ya ziada, pandeni Newala kwenye nyanda za Wamakonde mkaone wachongaji na mkatazame bonde la Ruvuma kutoka juu.

Tatizo ni umbali, zaidi ya kilomita 550. Siku mbili kati ya nne zitaishia barabarani, na hilo siwezi kukuficha.

Mngoni_wa_Mahenge
Dada, umetaja Maji Maji, basi naomba unisikilize. Songea ndiko kuna Makumbusho ya Maji Maji, na kaburi la pamoja la mashujaa walionyongwa tarehe 27 Februari 1906. Nduna (kiongozi wa Wangoni) Songea Mbano alinyongwa siku chache baadaye, na kwetu inasimuliwa kwamba kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Mwaka 2023 Rais Steinmeier wa Ujerumani alisimama pale akaomba msamaha. Nilimwona mzee wa ukoo wetu akilia siku ile. Mtoto akisimama mbele ya lile kaburi, vita vile vinatoka kwenye daftari.

Lakini kutoka Dar ni kilomita 900 na zaidi. Usije kwa siku nne, utamuumiza mama. Njoo Februari, wiki ya kumbukumbu. Utakuta wazee wenyewe wanasimulia, na lizombe, ngoma ya Wangoni, inachezwa mpaka vumbi linapaa.

Shangazi_Kipatimu
Naongeza jambo moja. Maji Maji haikuanzia Songea. Ilianzia huku Umatumbini, Nandete, Julai 1905, watu walipong'oa pamba waliyolazimishwa kulima. Nandete iko wilaya ya Kilwa. Na Kilwa Kivinje, njiani kwenda Masoko, kuna boma la Wajerumani na mahali panapoitwa Mwembe Kinyonga, jina linajieleza. Kivinje hiyohiyo ndiko misafara ya watumwa kutoka Ziwa Nyasa ilikoishia. Watu wanaipita mbio kukimbilia kisiwani. Mwanangu, mpe Kivinje asubuhi nzima. Nyumba zinaanguka, kila mwaka ukuta mwingine unakwenda.

MtuWaMasoko
Shangazi kasema kweli. Hata kisiwani, magofu yaliwekwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini mwaka 2004, yakatolewa 2014 baada ya ukarabati. Bahari haijaacha kula ufuo.

Binti_Temeke
Ahsanteni sana, shangazi shikamoo. Nimeamua Kilwa: siku ya kwanza tunalala Masoko, ya pili kisiwani, ya tatu Kivinje, ya nne tunarudi. Songea tutakuja Februari bila mama, kaka Mngoni usiniache. Mikindani inasubiri likizo ndefu ya Desemba. MtuWaMasoko, nikupe tarehe uniangalizie maji? Sitaki mama ashuke botini wakati wa kupwa.

MtuWaMasoko
Nitumie tarehe tu. Siku za bamvua maji yanakauka mbali sana, tutaziepuka. Bi mkubwa atashuka bila kulowa.