MREJESHO: Mifupa ya Ziwa Roopkund, India

Wakuu, habari zenu. Niliuliza hapa kama kweli watu wote ambao mifupa yao imejaa Ziwa Roopkund, juu kabisa kwenye Himalaya, zaidi ya mita 5,000, waliuawa na mvua ya mawe siku moja. Nashukuru kwa mlioniambia nifuatilie utafiti wa DNA uliotoka 2019 kwenye jarida la Nature Communications. Nimeusoma wote.

Walipima watu 38. Kati yao 23 ni wa asili ya Asia Kusini, na hata hao hawakufa pamoja. Vifo vyao viko kati ya karne ya 7 na ya 10. Kwa hiyo mawe yanaweza kuwa yaliua baadhi, maana yapo mafuvu yenye majeraha ambayo hayakuwahi kupona, na njia ya mahujaji wa Nanda Devi, mungu wa kike wa Kihindu, inapita pale. Lakini si wote.

Kilichoninyima usingizi ni wale 14 wanaofanana kinasaba na watu wa Ugiriki na Krete. Wamekufa karibu mwaka 1800, juzi tu! Wanaume kwa wanawake, hakuna undugu wa karibu kati yao, na hakuna dalili ya bakteria wa ugonjwa. Mmoja aliyebaki ana asili ya Asia ya Kusini-Mashariki.

Wagiriki walifuata nini kule? Mwenye kujua kumbukumbu zozote za wasafiri wa enzi hizo, naomba anielekeze.